Wastani Mmoja, Mitawanyo Miwili: Kupima Usawa wa Variansi katika Uchunguzi wa Mtindo

Utangulizi

Katika idara nyingi za Kiswahili, takwimu hubisha hodi ikiwa imechelewa. Mwanafunzi wa uzamili huhesabu sentensi, sitiari au mofimu kwa miezi mingi, akapata wastani wa kila mwandishi anayemchunguza, kisha akatangaza kwamba fulani na fulani wana mtindo mmoja kwa kuwa wastani wao unakaribiana. Hukumu ya aina hii hutolewa kabla ya shahidi wa pili kusikilizwa. Wastani hueleza mahali data zilipoegemea. Haumwambii mtafiti zimetapakaa kiasi gani. Waandishi wawili wanaweza kuwa na wastani wa maneno 12 kwa kila sentensi, ilhali mmoja anakwenda kwa hatua zilizo sawa na mwenzake anarukaruka, sentensi hii ya maneno matatu, inayofuata ya maneno arobaini. Msomaji huisikia tofauti hiyo kabla hajafika mwisho wa ukurasa wa kwanza. Wastani hausikii kitu.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtafiti anavyoweza kupima iwapo makundi mawili yana mtawanyo ulio sawa. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba jaribio maarufu kuliko yote katika kazi hiyo, jaribio la F, ndilo linalopaswa kutiliwa shaka zaidi pale data zinapotokana na lugha.

Mtawanyo kabla ya takwimu

Dhana yenyewe si ngeni kwa mwanafunzi wa ushairi. Katika umbo lililozoeleka zaidi la shairi la mapokeo, kila mshororo una mizani 16, minane katika ukwapi na minane katika utao. Utenzi nao hukatwa kwa mizani minane kwa kila kipande. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alichokuwa akikilinda, kwa lugha ya takwimu, ni mtawanyo wa sifuri: mishororo yote ya ubeti ilingane, isipatikane hata mmoja unaozidi au kupungua. Mshairi aliyezidisha mizani miwili hapa na kupunguza miwili pale hawezi kujitetea kwamba kwa wastani mizani yake ni 16. Utetezi huo ungezua kicheko barazani.

Diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, ilipotoka mwaka 1974, mgogoro wa mapokeo na usasa ulipamba moto. Mgogoro huo ulihusu mambo mengi, na si haki kuupunguza uwe wa hesabu tu. Hata hivyo, sehemu moja ya mgogoro huo ilihusu mtawanyo: je, utungo ambao mishororo yake inarefuka na kufupika kadiri maana inavyodai bado ni shairi? Hakuna aliyeuliza iwapo mishororo ya mashairi huru ni mirefu au mifupi kwa wastani. Swali lilikuwa iwapo inalingana.

Pale mtawanyo wa upande mmoja unapokuwa sifuri hakuna haja ya jaribio lolote, kwani jicho linatosha. Ugumu huanza katika nathari, ambako kila mwandishi ana mtawanyo wa kiasi fulani na mtafiti anataka kujua iwapo viasi viwili vinatofautiana kweli au ni bahati tu ya kurasa alizozifungua.

Variansi ni nini

Neno "jamii" lina maana yake mahususi katika takwimu. Jamii ni jumla ya vitu vyote vinavyokusudiwa kuchunguzwa, viwe watu, mbegu au sentensi. Sentensi zote alizowahi kuandika mwandishi mmoja ni jamii. Sentensi mia mbili alizozichagua mtafiti ni sampuli. Kile anachokitaka mtafiti kiko katika jamii, lakini alicho nacho mkononi ni sampuli, na takwimu zote za kupima nadharia tete huzaliwa katika pengo hilo.

Mtawanyo wa jamii hupimwa kwa njia kadhaa. Iliyoenea zaidi ni variansi, istilahi aliyoileta Ronald Fisher wa Uingereza mwaka 1918 katika makala yake kuhusu urithi wa sifa za kimaumbile. Ili kuipata, mtafiti hutafuta wastani, akaondoa wastani huo kutoka kwa kila thamani, akaizidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama za kutoa zisifutane na za kujumlisha, akazijumlisha tofauti hizo zilizozidishwa, kisha akagawanya jumla kwa idadi ya data ukiondoa moja. Hiyo moja huondolewa kwa sababu wastani wenyewe umekadiriwa kutoka kwa data zilezile. Anayejua wastani na tofauti zote isipokuwa moja, hiyo ya mwisho anaijua bila kuambiwa. Idadi inayobaki huitwa digrii za uhuru. Kipeuo cha pili cha variansi huitwa mkengeuko sanifu, na faida yake ni kwamba huturudishia kipimo tulichoanza nacho, yaani maneno, badala ya "maneno mara maneno" ambayo hayana maana kwa yeyote.

Tuchukue vifungu viwili vya kubuni, kila kimoja kikiwa na sentensi nane. Urefu wa sentensi za kifungu cha kwanza, kwa maneno, ni 9, 10, 11, 12, 12, 13, 14 na 15. Wa kifungu cha pili ni 9, 9, 10, 10, 11, 11, 12 na 24. Jumla ya kila kifungu ni 96, hivyo wastani wa vyote viwili ni 12 kamili. Anayeishia kwenye wastani atasema ni mwandishi mmoja.

Katika kifungu cha kwanza, tofauti na wastani zikizidishwa kwa zenyewe na kujumlishwa hutoa 28. Tukigawanya kwa 7 tunapata variansi ya 4. Katika kifungu cha pili jumla hiyo ni 172, na variansi ni 24.57. Mikengeuko sanifu ni maneno 2 na takriban maneno 5. Kwa jicho la kawaida tofauti ni kubwa. Je, ni kubwa kiasi cha kutosha?

Jaribio la F na udhaifu wake

Njia ya asili ya kujibu ni kugawanya variansi moja kwa nyingine. Iwapo jamii mbili zina variansi sawa, uwiano wa variansi za sampuli unapaswa kuwa karibu na 1. Haitakuwa 1 hasa, kwa kuwa sampuli hutikisika. Fisher ndiye aliyeweka misingi ya kuujua mtikisiko huo, na Mmarekani George Snedecor akaupa uwiano huo jina F mwaka 1934 kwa heshima yake. Mtafiti huweka variansi kubwa juu na ndogo chini, kisha hutazama katika jedwali kizingiti ambacho uwiano hupaswa kukivuka kabla ya nadharia tete ya usawa kukataliwa.

Katika mfano wetu F ni 24.57 gawanya kwa 4, yaani 6.14. Digrii za uhuru ni 7 juu na 7 chini. Mtafiti ambaye hakujua mapema ni kifungu kipi kingekuwa na mtawanyo mkubwa, na ambaye yuko tayari kukosea mara 5 katika 100, hutumia kizingiti cha 4.99. Wapo wanaotumia 3.79, lakini hicho ni cha mtu aliyetabiri upande kabla ya kuziona data. Kukitumia baada ya kuziona ni kujipunguzia mtihani. Kwa vyovyote, 6.14 inavivuka vyote viwili. Jaribio la F linasema kwamba mtawanyo wa kifungu cha pili ni mkubwa kuliko wa kwanza.

Hapa ndipo mtafiti anapopaswa kusimama na kuzitazama data zake tena. Ukiiondoa ile sentensi moja ya maneno 24, sentensi saba zilizobaki za kifungu cha pili zina variansi ya 1.24 tu. Yaani kifungu kilichohukumiwa kuwa na mtawanyo mkubwa ndicho chenye sentensi zinazolingana zaidi, isipokuwa mahali pamoja. Hukumu imegeuka nyuma mbele kwa sababu ya sentensi moja!

Kasoro hii ina chanzo chake. Jedwali la F lilitengenezwa kwa kuchukulia kwamba jamii zote mbili zina mgawanyo wa kawaida, ule unaochorwa kwa umbo la kengele, ambamo thamani za mbali sana ni nadra. Variansi huzidisha umbali kwa wenyewe, hivyo thamani iliyo mbali mara nne huhesabiwa mara kumi na sita. Jamii ikiwa na mkia mrefu, variansi ya sampuli hutikisika kuliko jedwali linavyotarajia, na mtafiti huona tofauti mahali ambapo hakuna. Mwaka 1953 George Box alionyesha udhaifu huu kwa uwazi katika makala kuhusu majaribio ya variansi. La kusikitisha ni kwamba kuongeza ukubwa wa sampuli hakuuponyi. Wastani husamehe umbo la jamii kadiri sampuli inavyokua. Jaribio la F halisamehi. Jaribio la Maurice Bartlett la mwaka 1937, ambalo huweza kulinganisha makundi mengi kwa mpigo, lina ugonjwa huohuo.

Sentensi, kwa maumbile yake, zina mkia mrefu. Hakuna sentensi yenye maneno chini ya moja, ila hakuna sheria inayomzuia mwandishi kufikisha maneno themanini. Data za urefu wa sentensi hurundikana upande wa chini na kunyooka kuelekea juu. Kengele haipo. Kwa hiyo mtu anayepima mtawanyo wa sentensi kwa jaribio la F amechukua chombo kilichotengenezewa kazi nyingine.

C. B. Williams, mtaalamu wa wadudu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1940 aliandika kuhusu urefu wa sentensi za Chesterton, Wells na Shaw, akaonyesha kwamba ukichukua logi ya idadi ya maneno badala ya idadi yenyewe, mgawanyo huja karibu na umbo la kengele. Inapendeza kwamba ni mtu wa wadudu aliyewafundisha watu wa fasihi jambo hili.

Levene, Brown na Forsythe

Njia nyingine haihitaji kuzibadili data kwa logi. Mwaka 1960 Howard Levene alipendekeza jambo ambalo, ukishaliona, unashangaa kwa nini halikuonekana mapema. Sahau urefu wa sentensi. Kwa kila sentensi, chukua umbali wake kutoka kwa wastani wa kundi lake, bila kujali iwapo uko juu au chini. Kundi lenye mtawanyo mkubwa litakuwa na umbali mkubwa kwa wastani. Swali la mtawanyo limegeuzwa kuwa swali la wastani, na maswali ya wastani yana zana zinazostahimili maumbo mabaya.

Mwaka 1974 Morton Brown na Alan Forsythe waliirekebisha njia hiyo. Walionyesha kwamba pale data zinapoegemea upande mmoja, ni bora umbali upimwe kutoka kwa thamani ya katikati, ile inayoacha nusu ya data chini yake na nusu juu yake, kwa kuwa haivutwi na sentensi moja ndefu. Kwa mtafiti wa lugha marekebisho haya si madogo.

Turudi kwenye vifungu vyetu. Thamani ya katikati ya kifungu cha kwanza ni 12, na umbali wa sentensi zake ni 3, 2, 1, 0, 0, 1, 2 na 3; wastani wa umbali ni 1.5. Thamani ya katikati ya kifungu cha pili ni 10.5, na umbali ni 1.5, 1.5, 0.5, 0.5, 0.5, 0.5, 1.5 na 13.5, wastani ni 2.5. Sasa hulinganishwa tofauti iliyopo baina ya wastani hizi mbili na mtikisiko uliomo ndani ya kila kundi. Tofauti ya baina hutoa 4. Mtikisiko wa ndani una jumla ya 150, ambayo ikigawanywa kwa digrii 14 za uhuru hutoa 10.71. Uwiano wake ni 0.37, nacho kizingiti kwa digrii 1 na 14 ni 4.60. Haukikaribii.

Majaribio mawili, data zilezile, majibu yanayopingana. Jaribio la pili limekataa kumhukumu mwandishi kwa sentensi moja. Lakini msomaji asidhani kwamba limethibitisha usawa. Kukosa ushahidi wa tofauti si sawa na kupata ushahidi wa usawa, na sentensi nane ni chache mno kuthibitisha chochote. Anayetaka kusema kwa uhakika kwamba waandishi wawili wana mtawanyo mmoja anahitaji sampuli kubwa, na aseme pia tofauti ya kiasi gani angeiita kubwa.

Na ile sentensi ya maneno 24? Takwimu imemwonyesha mtafiti ilipo, na kazi iliyobaki ni ya uhakiki. Huenda ndiyo sentensi ya kilele, ambapo mhusika anapasua dukuduku aliloliweka moyoni kwa kifungu kizima. Huenda ni nukuu ya barua. Huenda ni kosa la mchapaji aliyesahau nukta. Mtafiti anayeifuta ili jedwali lake lipendeze amefuta pengine sentensi muhimu kuliko zote.

Hamilton na Madison

Mfano mashuhuri wa mambo haya unatoka Marekani. Kati ya mwaka 1787 na 1788, magazeti ya New York yalichapisha mfululizo wa makala za kuwashawishi wakazi wa jimbo hilo waikubali katiba mpya. Makala hizo, zijulikanazo kama Federalist, zilifika 85, zote zikiwa na lakabu moja, Publius. Waandishi walikuwa watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Baadaye ilibainika kwamba makala 12 zilidaiwa kuwa za Hamilton na pia za Madison. Hamilton aliuawa mwaka 1804 katika pambano la bastola na Aaron Burr, hivyo hakuwepo kujibu.

Mwaka 1941 Frederick Mosteller na Frederick Williams walijaribu kuamua shauri hilo kwa kuhesabu urefu wa sentensi katika makala ambazo mwandishi wake alijulikana bila ubishi. Wastani wa Hamilton ulikuwa maneno 34.55. Wa Madison, 34.59. Mtu angeweza kutafuta waandishi wawili duniani kote asiwapate waliokaribiana hivyo. Ukiuliza kuhusu mtawanyo, ambao ungeweza kuwatenganisha kama vifungu vyetu vya kubuni, mkengeuko sanifu wa Hamilton ulikuwa 19.2 na wa Madison 20.3. Ukizidisha kila mmoja kwa wenyewe na kugawanya, uwiano wa variansi ni kama 1.12. Wastani mmoja, na karibu mtawanyo mmoja. Watu hao wawili walikuwa wamelelewa katika nathari ya karne moja, wakaandikia hadhira moja kwa shabaha moja, na urefu wa sentensi zao haukuwasaliti.

Mosteller aliliacha shauri kwa muda, kisha akalirejea pamoja na David Wallace, na mwaka 1964 wakachapisha kitabu. Safari hii walihesabu maneno madogomadogo ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri. Neno "upon" la Kiingereza Hamilton hulitumia takriban mara 3 kwa kila maneno 1,000. Madison hata mara moja haifiki. Kwa maneno ya namna hiyo walihitimisha kwamba makala zote 12 yaelekea ni za Madison.

Yafaa kuongeza kwamba mtawanyo haukuwaacha. Kielelezo rahisi cha kuhesabu maneno, kile cha Poisson, hudai kwamba variansi ya hesabu ilingane na wastani wake. Maneno ya Hamilton na Madison hayakutii. Yalitapakaa zaidi, kwa kuwa mtu akilitumia neno katika aya moja huelekea kulirudia. Mosteller na Wallace walilazimika kuchukua kielelezo kingine, kinachoruhusu variansi kuuzidi wastani. Laiti wangelipuuza jambo hilo, wangejiona wana uhakika mwingi kuliko ule waliokuwa nao kweli.

Sharti la jaribio jingine

Wanafunzi wengi hukutana na usawa wa variansi kama sharti la kutimizwa kabla ya kazi yenyewe, na si kama swali la mtindo. Jaribio la t, lililoanzia kwa William Gosset aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na kuandika mwaka 1908 kwa jina la Student, hulinganisha wastani wa makundi mawili. Katika sura yake inayofundishwa sana, jaribio hilo huchukulia kwamba variansi za makundi ni sawa. Mathalani, mtafiti wa ufundishaji analinganisha alama za insha za darasa la wanafunzi 60 na darasa la wanafunzi 15. Ikiwa darasa dogo ndilo lenye mtawanyo mkubwa, jaribio la t litatangaza tofauti mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Ikiwa darasa kubwa ndilo lenye mtawanyo mkubwa, litanyamaza pale linapopaswa kusema. Makundi yakiwa na idadi sawa, madhara ni madogo.

Vitabu vingi vya mbinu za utafiti hushauri kwamba jaribio la variansi litangulie, na jibu lake liamue ni jaribio gani la t litumike. Ushauri huo umepingwa kwa muda mrefu. Box, katika makala yake ya 1953, aliufananisha na kuitoa ngalawa ya kasia baharini ili kuona iwapo maji yametulia kiasi cha meli kubwa kung'oa nanga. Mwana wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Jaribio la t linastahimili mengi kuliko jaribio la F linalotumwa kulichungulia njia. Badala yake, mtafiti anaweza kutumia moja kwa moja jaribio alilolibuni B. L. Welch katika miaka ya 1930 na 1940, ambalo halidai usawa wa variansi na ambalo halipotezi mengi hata pale usawa huo unapokuwepo.

Kwa hivyo jaribio la variansi lina thamani yake kubwa pale mtawanyo wenyewe unapokuwa ndio swali: uthabiti wa mshairi, msukosuko wa msimulizi, pengo kati ya wanafunzi wa kwanza na wa mwisho katika darasa moja.

Tahadhari za Kiswahili

Kuna mitego ambayo vitabu vya Kiingereza havimwonyi mtafiti wa Kiswahili. Wa kwanza ni kipimo. "Hatukumwona" ni neno moja. Kiingereza hulieleza wazo hilo kwa maneno matano. Mtafiti anayelinganisha riwaya ya Kiswahili na tafsiri yake ya Kiingereza kwa kuhesabu maneno atapata variansi kubwa katika Kiingereza hata kama mfasiri amefuata kila sentensi kwa uaminifu. Tuseme kila sentensi imerefushwa mara moja na nusu. Wastani utazidi mara 1.5, na variansi mara 2.25. Tofauti hiyo ni ya lugha, wala si ya mtindo. Tiba yake ni kutumia logi, ambayo hugeuza urefushaji wa namna hiyo kuwa nyongeza isiyogusa mtawanyo, au kugawanya mkengeuko sanifu kwa wastani kabla ya kulinganisha.

Mtego wa pili ni uhuru wa data. Majaribio yote yaliyotajwa huchukulia kwamba kila sentensi imechaguliwa bila kuitegemea nyingine. Sentensi 200 zinazofuatana katika sura moja haziko hivyo, kwa sababu majibizano huzaa sentensi fupi mfululizo na maelezo ya mandhari huzaa ndefu. Afadhali zichotwe kutoka kitabu kizima kwa bahati nasibu, na majibizano yatengwe na usimulizi, la sivyo mtafiti atakuwa anapima kiasi cha majibizano na kukiita mtawanyo wa mwandishi.

Kuhusu ukokotoaji wenyewe, tarakilishi imeondoa sehemu kubwa ya adha. Programu ya SPSS, inayotumiwa mno na wanafunzi wa elimu, humpa mtafiti jaribio la Levene kando ya jaribio la t hata kama hakuliomba. Jedwali lake lina safu mbili za mlalo: ya juu ni ya mwenye kuchukulia kwamba variansi ni sawa, ya chini ni ya asiyechukulia hivyo. Safu ya chini ni ile ya Welch, na ndiyo ya kusomwa ikiwa idadi za makundi zinatofautiana, hata pale jaribio la Levene linapokuwa limenyamaza. Programu ya R, ambayo haina malipo, ina jaribio la F kwa amri ya var.test, na kwa jaribio la Brown na Forsythe kuna kifurushi cha ziada kiitwacho car, ambamo amri ya leveneTest hupima umbali kutoka kwa thamani ya katikati bila mtumiaji kuagiza. Kabla ya amri yoyote kati ya hizo, mchoro wa data, hata wa kalamu, ungeionyesha ile sentensi ya maneno 24 ikiwa imesimama peke yake pembeni.